Hohe Straße na Chaussée de Kasenga: somo la majina ya njia

Katika kozi yetu ya Kijerumani tulipewa zoezi ambalo kwa kulitazama lilionekana jepesi: tafsiri kwa Kiswahili neno Fußgängerzone, kisha eleza kwa nini umechagua tafsiri hiyo. Tulikuwa wanafunzi saba na tulileta tafsiri saba. Mimi nilijiona nimewatangulia wenzangu, kwa kuwa miezi michache kabla nilikuwa nimepata bahati ya kukaa Köln kwa majuma manne kujifunza lugha, na kila siku baada ya masomo nilitembea ndani ya kitu chenyewe kinachoitwa kwa neno hilo. Hata hivyo nilifanya makosa, tena si moja. Baadhi niliyaona mwenyewe kwa kufungua kamusi. Kosa kubwa kuliko yote lilisahihishwa na mama yangu, ambaye hajui neno hata moja la Kijerumani na anauza mboga kando ya Chaussée de Kasenga.

Naandika makala haya kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa lugha. Nitapitia maneno moja baada ya jingine, kama tulivyozoea, na nitaonyesha jinsi jina la njia linavyoweza kumfundisha mtu, au kumpoteza.

1. Mahali penyewe

Ukishuka gari-moshi katika kituo kikuu cha Köln, kitu cha kwanza kinachosimama mbele yako ni kanisa kuu la mji. Minara yake miwili ina urefu wa mita 157 hivi. Lilianza kujengwa mwaka 1248 na likamalizika mwaka 1880. Ukilizunguka kanisa na kuelekea kusini, unaingia Hohe Straße. Ni njia nyembamba, maduka yamebanana kulia na kushoto, na watu wanapita katikati kabisa bila kugeuza shingo kutazama nyuma.

Hilo la kutogeuza shingo ndilo lililonigusa siku ya kwanza. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Nimefundishwa kutembea nikisikiliza kwa mgongo. Taksi-bisi ikikaribia naijua kwa sauti, na mguu unahama wenyewe kabla akili haijaamua. Katika Hohe Straße nilitembea pembeni siku mbili nzima, nimejibana kwenye vioo vya maduka, mpaka mwenzangu mmoja wa darasa akaniuliza ninamwogopa nani. Hapo ndipo nilipoanza kutembea katikati.

Ukiendelea mbele unakutana na njia nyingine, Schildergasse, inayokwenda magharibi hadi uwanja wa Neumarkt. Ndani yake kuna kanisa la zamani la Antoniterkirche, ambamo ametundikwa malaika wa shaba wa mchongaji Ernst Barlach, na hatua chache kutoka hapo kuna jengo kubwa la vioo lililochorwa na Renzo Piano. Wanunuzi wanapita na mifuko yao, wengine wanaingia kanisani kupumzika, kisha wanarudi madukani.

Majengo mengi pale si ya zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942 ndege zaidi ya elfu moja ziliushambulia mji wa Köln, na hadi vita kwisha mashambulizi mengine mengi yalikuwa yamefuata. Sehemu kubwa ya katikati ya mji ilikuwa kifusi. Nyumba zilianguka, lakini njia zilibaki mahali pake na majina yake. Nyumba ikianguka wanajenga nyingine juu ya msingi uleule, na mwendo wa miguu unabaki palepale.

2. «Juu» au «kuu»?

Kosa la kwanza lilikuwa katika jina la Hohe Straße. Kamusi inasema hoch ni «-a juu, -refu kwenda juu». Katika daftari langu nikaandika: «Barabara ya Juu». Nikatafuta kilima, sikukiona.

Sasa tazameni jinsi Kijerumani kinavyolitumia neno hoch katika maneno mengine. Hochschule si shule iliyojengwa mlimani. Ni chuo cha elimu ya juu. Hochzeit leo ni arusi, lakini hapo kale lilikuwa na maana ya sikukuu yoyote kubwa, hasa ya kanisa. Hoch ni hoch, na Zeit ni wakati. Wakati wa juu? Hapana. Kiswahili kina neno lake lililojengwa kwa namna ileile: siku na kuu, sikukuu.

Basi katika maneno ya aina hii hoch inakutana na kivumishi chetu -kuu: sikukuu, chuo kikuu, barabara kuu. Na kwa jina la njia hatuna haja hata ya kubuni. Mombasa, katika Mji wa Kale, njia maarufu inayopita katikati ya nyumba za zamani inaitwa Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa matamshi ya Kimvita. Kule Lamu, ambako punda ni wengi na magari ni ya kuhesabika, njia kubwa ya maduka inaitwa Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Usita ni njia na mui ni mji kwa Kiamu. Nikafuta «Barabara ya Juu» nikaandika «Njia Kuu». Mtu wa Mombasa akiisoma anajua mara moja ni njia ya namna gani.

Funzo la kwanza: neno moja halitafsiriwi peke yake. Litafuteni katika jamaa zake.

3. Vibao au ngao?

Kosa la pili lilikuwa Schildergasse. Gasse ni kichochoro, njia nyembamba ya mjini. Schild lina wingi wa aina mbili katika Kijerumani cha leo: Schilder ni vibao, kama vile vibao vya maduka au vya barabarani, na Schilde ni ngao. Mimi nilipoona vibao vya maduka vimejaa pande zote, nikaridhika: «Kichochoro cha Vibao».

Lakini jina ni la kale kuliko maduka hayo. Katika zama za kati mafundi wa kazi moja walikaa pamoja katika njia moja, na njia ikaitwa kwa kazi yao. Hapo walikaa mafundi waliochora ngao. Jina lao limebaki, wao na ngao zao hawapo. Hata kwetu Afrika ya Mashariki na Kati mambo ni hayohayo: sokoni kila aina ya mali ina safu yake, na ukiuliza njia unaambiwa pitia kwa wauza samaki, geuka kwa washona nguo. Siku wauza samaki watakapohama, watu wataendelea kusema «kwa samaki» kwa miaka mingi.

Funzo la pili: jina la njia halielezi kile unachokiona leo. Linaeleza kile alichokiona mtu wa kwanza kuliita.

4. Warumi ndani ya vinywa vyetu

Mji wa Köln ulipewa hadhi ya koloni la Roma mwaka 50 baada ya Kristo, ukaitwa Colonia Claudia Ara Agrippinensium. Jina refu lilikatika kwa kutumiwa, likabaki neno la kwanza tu: Colonia, Kifaransa Cologne, Kijerumani Köln. Mji ule kwa jina lake ni «Koloni», neno lilelile ambalo babu zetu walilisikia kwa maana nyingine kabisa. Hohe Straße inafuata njia kuu ya Warumi ya kutoka kaskazini kwenda kusini, na Schildergasse inafuata ile iliyoikata. Watu wananunua viatu juu ya ramani ya karibu miaka elfu mbili.

Maneno yenyewe yanasema hayohayo. Straße imetoka katika Kilatini via strata, njia iliyotandikwa mawe. Kaufen, kununua, imetokana na caupo, yule mchuuzi na mwenye nyumba ya wageni wa Kilatini. Na chaussée, neno tunalotamka «shose» kila siku bila kufikiri, limetoka katika via calciata, njia iliyoimarishwa kwa mawe ya chokaa. Straße na chaussée ni mama mbalimbali, lakini wote wawili ni wake wa fundi mmoja wa Kirumi.

Nasi pia tumekopa, na hatuna sababu ya kuona haya. Soko ni la Kiarabu. Duka limefika kwetu kwa kupitia biashara ya bahari ya Hindi. Magazini tumeitoa katika Kifaransa magasin, lakini Wafaransa wenyewe waliipata, kwa kupitia Waitalia, katika Kiarabu makhazin, maghala. Na mzizi huohuo ndio uliotupa sisi Waswahili neno hazina. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akisema magazini na mtu wa Zanzibar akisema hazina, wote wawili wamefungua mlango mmoja. Hata shule limetoka katika Kijerumani Schule, kwa njia ya utawala wa Wajerumani katika Tanganyika; ndiyo maana sisi huku, ambao Wajerumani hawakututawala, tunasema zaidi mtoto ameenda «ku masomo».

Na kuna fundo moja la mwisho. Mji wetu ulipoanzishwa mwaka 1910 uliitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Malkia Elisabeth huyo alizaliwa Bavaria, binti wa jamaa ya kifalme ya Kijerumani. Jina hilo liliishi hadi mwaka 1966, mji ulipochukua jina la mto wake, Lubumbashi.

5. Fuß, Gänger, Zone

Sasa tuje kwenye zoezi. Fuß ni mguu. Gänger ni mwenda, kutoka gehen, kwenda. Zone ni eneo. Fußgängerzone: eneo la waenda kwa miguu. Wanafunzi wanne kati ya saba tuliandika hivyo au karibu na hivyo, nami nilikuwa mmojawapo.

Kitu chenyewe si cha kale. Kwa maelfu ya miaka njia zote zilikuwa za miguu, ya watu na ya wanyama, na hapakuwa na haja ya neno. Neno lilihitajika gari lilipoingia. Ujerumani, baada ya vita, miji iliyobomoka ilipojengwa upya, mji wa Kassel ulifungua Treppenstraße mwaka 1953, njia ya ngazi na maduka iliyopangwa tangu mwanzo kwa watu wa miguu. Katika miaka ya 1960 Köln ilifunga Hohe Straße na Schildergasse kwa magari. Magari ya kuleta mali yanaruhusiwa saa maalumu, zaidi asubuhi. Baada ya hapo njia ni ya watu.

Kibao chake ni cheupe chenye duara la rangi ya samawati. Ndani yake kuna picha nyeupe ya mtu mzima aliyemshika mtoto mkono, na chini limeandikwa neno ZONE. Nilikichora katika daftari. Na daftari hilo ndilo mama alilolikuta mezani.

6. Swali la mama

Chaussée de Kasenga inatoka katikati ya mji na kuelekea kaskazini-mashariki. Ukiifuata bila kugeuka, baada ya kilomita kama 200 unafika Kasenga yenyewe, kando ya mto Luapula, ng'ambo ya Zambia. Tofauti na Hohe Straße, hii haikuitwa kwa ukuu wake, wala kwa kazi ya mafundi. Imeitwa kwa mahali inapokwenda. Wakati wa ukoloni wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walipakia samaki wa Luapula katika malori na kuwaleta Élisabethville, ambako wafanyakazi wa migodi walihitaji kulishwa. Samaki aliyejulikana sana aliitwa mpumbu. Alivuliwa kupita kiasi, hasa wakati wa kupanda mto kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kupungua vibaya. Njia imebaki na jina.

Mama yangu anakaa kando ya njia hiyo na beseni la lengalenga na sombe. Katika majuma niliyokuwa naandika zoezi, yalikuwa yanasikika maneno kwamba wauzaji wa kando ya barabara wataondolewa ili njia ipanuke. Maneno hayo si mapya. Mahali pa mama pamekwisha kuhama mara tatu tangu nianze masomo, na kila mara wanunuzi wake nusu wanapotea. Masomo yangu yanalipwa na beseni lile. Basi alipoikuta picha ya kibao, hakuitazama kama zoezi.

Aliniuliza ni kitu gani. Nikamweleza: ni alama ya njia ambayo gari haiingii, ni ya watu tu, watu wanatembea na kununua kwa amani. Akaitazama tena.

«Na mama wa mboga, kule anaikalaka wapi?»

Nikamjibu kwamba pale hakuna.

«Hakuna mama wa mboga? Basi bale bantu banakulaka nini?»

Nikacheka, nikamweleza kwamba mboga inauzwa ndani ya magazini, na kwamba anayetaka kuuza njiani lazima aombe ruhusa ya mji. Kuna neno lake, Sondernutzung, matumizi ya pekee. Yeye hakucheka. Akaweka kidole juu ya picha, juu ya kichwa cha yule mtu mzima aliyemshika mtoto.

«Huyu anatembea paka na mikono mitupu. Hana kintu ku kichwa. Ni njia ya bantu gani?»

Nikasema: ya bantu bote. Naye akamaliza:

«Njia yote iko ya bantu. Motoka njo mugeni.»

Wenzangu wa lugha, tusiyapite maneno haya kwa haraka kwa sababu eti si Kiswahili sanifu. Anaikalaka, banakulaka: kiishio -aka kinaonyesha desturi, kazi ambayo katika Kiswahili sanifu inafanywa na hu-, «hukaa», «hula». Ba- ndiyo wa-. Njo ndiyo «ndiyo» ya kusisitiza. Ni lugha yenye kanuni. Köln nilikuta jambo hilohilo: darasani nilifundishwa gut, njiani nikasikia jot, kwa sababu katika Kikölsch g ya mwanzo wa neno inatamkwa kama y yetu. Hakuna mtu pale aliyeona kwamba bibi asemaye jot hajui lugha. Na mji wetu una ushahidi wa maandishi: historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa, ambayo mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990. Lugha ya mama imekwisha kuandika mji huu kabla yetu.

7. Tafsiri niliyoipeleka

Tatizo lilikuwa hapa. Kwa Mjerumani, Fußgänger ni mtu anayepita kwa miguu. Anayekaa chini na beseni hayumo katika neno hilo, ana sheria yake nyingine. Kwa sisi, mtu wa miguu ni pamoja na yule anayebeba, anayesimama, anayeketi na kuuza. Nikiandika «eneo la waenda kwa miguu», msomaji wa Lubumbashi anaweza kuelewa mambo mawili yanayopingana: ama njia iliyofunguliwa kwa watu kama mama, ama njia iliyosafishwa ili watu kama mama wasiwepo. Neno la Kijerumani halikukusudia la kwanza wala la pili. Lilikusudia kuondoa gari.

Nilijaribu «njia ya watu». Mama alikuwa amekwisha kuiua: njia yote ni ya watu. Nilijaribu «njia ya miguu», lakini hiyo kwetu ni kijia cha kwenda shambani. Mwishoni nikaandika «mtaa usiopita magari». Sikuficha upungufu wake: magari ya mali yanaingia asubuhi, na mguu, ulio katika neno la asili, umepotea. Lakini tafsiri hiyo inamtaja aliyeondolewa kwa jina lake, na haimwondoi mtu mwingine yeyote kwa siri.

Mwalimu alinipa 14 juu ya 20. Pembeni aliandika kwamba tafsiri ni ndefu, lakini haisemi uongo. Pia aliuliza maelezo ya njia nimeyapata kwa nani, kwa kuwa sikutaja. Ninamtaja sasa.

Mama bado anakaa mahali pale. Maneno ya kuondolewa yametulia kidogo, kama yanavyotulia kila mwaka wakati wa mvua.

Mazoezi

Kwanza: tafuta maneno matano ya Kiswahili yenye -kuu na uyalinganishe na maneno ya lugha ya kigeni unayojifunza. Je, lugha hiyo inatumia «kubwa», «juu» au neno jingine?

Pili: chagua njia moja ya mtaa wenu. Iliitwa kwa mahali inapokwenda, kwa kazi, kwa mtu, au kwa umbo lake? Muulize mzee kabla ya kufungua kitabu.

Tatu: tafsiri kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kisha kwa Kiswahili sanifu, kibao kimoja cha barabarani. Halafu msomee mtu anayefanya kazi kando ya barabara hiyo, na uandike swali la kwanza atakalokuuliza.